Shajara ya mradi: kutafuta klaudi ya kulelea vifaa 38 vya kupima baridi

Jumatatu 8 Aprili 2024

Naanza kuandika leo maana najijua, nisipoandika ntasahau tulichagua nini na kwa nini, halafu mwezi wa kumi mtu ataniuliza nibaki natoa macho.

Hali ilivyo ni hivi. Kampuni inanunua samaki, pweza na kamba, ina vyumba vya baridi Feri hapa Dar, Kirumba kule Mwanza na Kilindoni Mafia, plus magari 12 ya friji. Vifaa vya kupima joto jumla 38, yaani 14 Dar, 9 Mwanza, 3 Mafia na hizo 12 za kwenye magari. Kila kimoja ni ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), sensa mbili za joto za DS18B20 zile za chuma, modemu ya 4G yenye laini yake, na betri ya 18650 ili TANESCO wakikata kifaa kiendelee kuongea. Vifaa mimi na dogo tumeshaviunga karibu vyote. Kinachokosekana ni huko vinakopeleka habari, yaani klaudi, seva za kukodi za kupokea na kutunza data.

Swali la kwanza la kila mtu ni kwa nini msinunue tu kitu kilichokamilika. Tulishanunua bwana. Miaka mitatu nyuma kampuni ilichukua vipimajoto 9 kutoka kwa wauzaji fulani wa nje, app nzuri, grafu za rangi rangi, baadae siku moja app ikagoma kufunguka, barua pepe hazijibiwi, na vile vifaa vimefundishwa anwani moja tu ya kupeleka data ambayo haipo tena. Viko stoo mpaka leo, vizima kabisa, ila havina pa kwenda. Kwaiyo bosi aliponiita kuhusu mradi huu mpya hakuuliza bei wala dashibodi, aliuliza "kijana wangu, na hao wapya wakifunga duka?"

Nikacheka kidogo nikamwambia mzee safari hii tunaenda kwa wakubwa. Nimetoka ofisini kwake ndo nikakumbuka Google.

Ijumaa 12 Aprili

Idi imekula siku mbili, tuendelee.

Google walikuwa na huduma yao ya vifaa inaitwa Cloud IoT Core. Agosti 2022 wakatangaza wanaifunga, na 16 Agosti 2023 wakaifunga kweli. Mwaka mmoja wa kuhama. Kwa mtu mwenye vifaa ofisini kwake mwaka ni mwingi, kwa mwenye vifaa Kilindoni ambavyo anwani ya Google imechomelewa ndani ya programu ya kifaa, mwaka unaisha unatafuta boti. IBM nao Watson IoT Platform waliizima Desemba 2023. Azure IoT Central mwezi wa pili mwaka huu watu walikutana na ujumbe kwamba itazimwa Machi 2027, halafu Microsoft wakasema ule ujumbe ulitokea kimakosa. Sawa, kimakosa, ila presha zilishapanda.

Kwaiyo swali la mzee ndo swali la mradi mzima. Nimelibandika ukutani juu ya meza.

Jumatatu 15 Aprili

Leo hesabu. Kila kifaa kinatuma meseji moja kwa dakika, fupi tu, chini ya baiti 200. Meseji 1,440 kwa siku mara 38 ni 54,720 kwa siku, mwezi wa siku 30 ni 1,641,600.

AWS IoT Core, huduma ya vifaa ya Amazon, kwa bei ya kituo chao cha Virginia ni dola moja kwa meseji milioni, so tunaongelea dola moja na senti sitini na nne kwa mwezi. Dola moja! Kukaa umeunganishwa nako kunalipiwa, senti 8 kwa dakika milioni, kwetu hiyo ni kama senti 13. Kinachoongezeka ni vitu vya pembeni, sheria za kupeleka data huku na huku, hifadhi, kumbukumbu za matukio, ukijisahau hizo ndo zinakukamua.

Azure IoT Hub wao wanauza kwa mafungu. La bure ni meseji 8,000 kwa siku, halitutoshi, labda tutume kila dakika 10 ambapo tungefika 5,472, ila dakika 10 kwa kamba ni ndefu mno mlango ukiachwa wazi. Fungu la kulipia la chini, S1, ni meseji 400,000 kwa siku, tungetumia chini ya sehemu moja ya saba. Unalipia basi zima unakaa siti mbili.

Kumbe bei ya klaudi sio ishu kabisa, nimepoteza wiki nikiogopa kitu kidogo. Hela iko kwenye bando. Nimepima leo kwenye kifaa cha mezani: kila kikiunganishwa upya kwa TLS (njia ya siri ya kuongea na seva) kinakula kama KB 6 hata kabla hakijasema neno, zile salamu za sertifiketi, vyeti vya kuthibitishana. Mpango wetu wa awali ulikuwa kifaa kiamke kila dakika 5, kiunganishwe, kitume, kilale. Mara 288 kwa siku, hiyo ni MB 1.7 kwa siku, kama 50 kwa mwezi kwa laini moja, nyingi ni salamu tupu. Kikibaki kimeunganishwa muda wote na kutuma kila dakika kinakula chini ya theluthi ya hapo. Yaani kuongea mara tano zaidi ni rahisi kuliko kubisha hodi kila dakika tano. Dogo alibisha mpaka nikamwonyesha namba.

Hii ndo raha ya MQTT, lugha ambayo vifaa vyetu vinaongea na seva, si bure ilitengenezwa 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yanayoripoti kwa setelaiti, kila baiti ilikuwa hela. Kichwa cha meseji kinaanzia baiti 2.

Ijumaa 19 Aprili

Mhasibu ameingilia. Anataka kujua atapewa risiti ya EFD au hapewi. Nikamwambia Amazon hawana mashine ya EFD mama. Akaniangalia kama nimemtukana. Halafu kuna suala la dola, kadi ya kampuni ina kikomo na dola zenyewe mwaka huu benki unaziomba kama unaomba mchumba. Nimeandika hapa sio kwa utani, malipo yakigoma siku moja huduma inasimama, na hicho ni kigezo cha kuchagulia kama vigezo vingine.

Jambo lingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023 na Tume yake imezinduliwa juzi tu mwanzoni mwa mwezi huu. Joto la chumba cha samaki sio taarifa binafsi ya mtu, samaki hana nida. Ila magari 12 yana GPS na kila gari lina dereva wake anayejulikana, hapo njia ya gari ni njia ya mtu. Nimeamua GPS ikae kwenye hifadhi yake tofauti, jina la dereva lisiende nayo, na isitoke nchini mpaka mwanasheria aseme.

Jumamosi 27 Aprili

Majaribio yameanza. Vifaa vinne: viwili (Feri na Kirumba) vinaongea na AWS huko ng'ambo, viwili (Feri na Kilindoni) vinaongea na seva ya kukodi hapa hapa Dar yenye Mosquitto (broka, yaani programu inayopokea meseji za MQTT na kuzigawa) na ThingsBoard. ThingsBoard ni ya bure toleo la jamii, leseni ya Apache, ina dashibodi na alamu tayari. Kwenye seva ya RAM GB 2 ilikuwa inahema kama mgonjwa, nimehamia GB 4 imetulia.

AWS kiukweli wako vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Kila kifaa na sertifiketi yake, kuna kile kivuli cha kifaa, unaweka hali unayoitaka, kifaa hata kama kimezimika kikirudi kinaisoma. Azure wana pacha wake wa jambo hilo hilo. Ila IoT Hub ya Azure sio broka kamili, unatuma kwenye njia walizozipanga wao na kwa majina yao, na hili ndo lililonitoa. Nikikubali topiki zao, yaani hayo majina ya njia, programu yangu ya kifaa inakuwa ya Azure. Halafu 2023 walibadilisha mzizi wa sertifiketi, kile cheti kikuu ambacho vifaa vinakiamini, kutoka Baltimore kwenda DigiCert G2, mwenye vifaa vilivyokariri Baltimore peke yake na hana njia ya kuvisasisha kwa mbali, imekula kwake. Hawakukosea, ule mzizi una tarehe ya kufa, Mei 2025. Tatizo ni kwamba tarehe hiyo inapangwa na mtu mwingine na mimi ndo napanda boti.

Alamu za leo: Kirumba imetuma nyuzi 85. Chumba cha samaki, nyuzi 85, usiku wa manane. Mama mtunza stoo kaamka kapiga simu "kaka fundi huku kuna moto?" Hamna moto mama, DS18B20 ikiamka kabla haijapima inasema 85, hiyo ni namba yake ya kuzaliwa nayo. Na waya ukichomoka programu inasoma -127. Zote mbili nimezipiga chini kwenye kifaa chenyewe zisitoke. Na zile sensa za bei ya kutupa tulizookota Kariakoo nusu ni feki, zinapishana nyuzi moja na zaidi kwenye ndoo moja ya barafu. Tunapima zote kwenye barafu inayoyeyuka kabla ya kufunga, ikikataa kusoma karibu na sifuri inarudi ilikotoka.

Jumapili 5 Mei

Kimbunga Hidaya jana. Mafia umeme hamna, kifaa cha Kilindoni kiliongea kwa betri kama saa 9 kikakata. Watu wetu wazima, alhamdulillah, paa la stoo limekula upepo kidogo.

Jumanne 14 Mei

Hii siku mbili nimejifunza kuliko miezi miwili.

Jumapili tarehe 12 asubuhi nyaya za baharini mbili, EASSy na Seacom, zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nzima intaneti imelala, WhatsApp inazunguka tu, watu wanauliza kama ni simu yao au ni dunia. Mi nikakimbilia laptopu kuangalia vifaa vinne.

Vya AWS vyote viwili kimya. AWS yenyewe nzima, njia ya kwenda ndo hamna. Cha Feri kinachoongea na seva ya Dar kinadunda kama kawaida, maana data inatoka kwenye laini ya simu inaingia seva hapa hapa mjini, haijawahi kuiona bahari. Nikampigia bosi kwa mbwembwe, mzee unaona, nyumbani ni nyumbani.

Mbwembwe hazikudumu. Kilindoni, kile kingine cha seva ya Dar, hakipo. Umeme ulirudi, kifaa kimewaka, laini ina mtandao, ila hakiunganishwi. Nikamwelekeza kijana wa pale kwa simu akachomeka waya akanisomea maneno ya kwenye skrini herufi kwa herufi, tumetumia nusu saa na salio lake lote. Kumbe ni makosa mawili yamepandana.

La kwanza, jina. Vifaa vyetu vinaita jina letu la .co.tz, nilijiona mjanja kwa hilo, ila kitabu cha majina chenyewe, DNS, nilikiweka kwa mtoa huduma wa ng'ambo kwa sababu ni bure. Seva iko Dar, kifaa kiko Mafia, na kifaa kinauliza Ulaya "hivi seva yetu iko wapi?" Cha Feri kiliokoka kwa vile kilikuwa kimeshaunganishwa tangu wiki iliyopita na hakikuwa na haja ya kuuliza.

La pili, saa. ESP32 ikizimika kabisa inasahau tarehe, ikiwaka inaamini ni 1 Januari 1970 mpaka iulize saa kwenye intaneti, na saa nayo tulikuwa tunaulizia nje. Sasa kifaa kinachoamini ni 1970 kinapewa sertifiketi ya 2024, kinasema hii bado haijaanza kufanya kazi, kinakataa. Kiko sahihi kabisa kwa akili yake.

Dawa: kitabu cha majina sasa kina nakala mbili, moja Dar moja nje. Saa kifaa kinachukua kwanza kwenye mnara wa simu kupitia modemu, na vile vya stoo vinawekewa kisaa cha DS3231 chenye betri ya kidonge, bei yake haifiki hata sahani ya chipsi kuku. Na mwisho nimemnyanyasa dogo aongeze hifadhi ndani ya kifaa, data zikikosa njia zinaandikwa ndani pamoja na saa zake, njia ikirudi zinatumwa taratibu. Kile cha Kirumba kilichokuwa cha AWS kimepoteza saa nyingi za kumbukumbu na hizo hazirudi. Wanunuzi wa sangara wa nje wanaomba kumbukumbu za joto bila mapengo, huwezi kumwambia mzungu waya wa baharini ulikatika.

Alhamisi 23 Mei

Jana Microsoft na G42 (kampuni ya Falme za Kiarabu) wametangaza watajenga kituo cha klaudi Kenya, Olkaria, kwa umeme wa jotoardhi, dola bilioni moja, wanasema ndani ya miezi 24. Bosi kanitumia habari na alama ya kuuliza. Nimemjibu mzee hiyo ni nzuri, ikija tutaitumia, ndo maana nataka kifaa kisijue kabisa nani yuko nyuma ya pazia.

Tangu lile tukio la waya nimeacha kujiuliza klaudi ipi ni nzuri. Nauliza nikitaka kuondoka leo jioni, nagusa vifaa vingapi kwa mkono. Jibu likiwa zaidi ya sifuri, hapana.

Jumatano 5 Juni

Uamuzi. Nimeandika kurasa mbili kwa bosi, kasoma ya kwanza.

Kifaa kinajua vitu vitatu tu: jina letu la .co.tz, poti 8883 (mlango wa MQTT yenye TLS), na sertifiketi ya mzizi tuliyoitengeneza sisi wenyewe ya miaka 20, ufunguo wake uko kwenye flashi mbili, moja kwa bosi kwenye kasiki na nyingine siandiki iko wapi. Topiki ni zetu, majina yetu, Kiswahili tupu, stoo/kirumba/3/joto. Broka ni Mosquitto kwenye seva ya Dar. Nyuma ya Mosquitto ndo kuna ThingsBoard, inapokea kupitia lango lake, kwaiyo ThingsBoard nayo siku wakitupandishia au ikituchosha tunaing'oa na vifaa havijui. Kila usiku nakala ya data ya joto inakwenda kwenye hifadhi ya AWS, faili tu za kawaida, hiyo ni senti. Wakubwa tunawatumia kama stoo.

Najua mtu atasema umejitwisha mzigo wa kulea seva. Kweli, nimejitwisha. Vingekuwa vifaa 5,000 ningeenda AWS na jina letu wenyewe mbele, wanaruhusu hilo, na nisingelala na simu mkononi. Kwa 38 naweza.

Jumanne 18 Juni

Wenye seva ya Dar wameizima na kuiwasha saa nane mchana bila kunong'ona. Dakika 11. Nimewaandikia, wamejibu "samahani kwa usumbufu". Hifadhi ya ndani ya vifaa imefanya kazi, hakuna pengo hata moja kwenye grafu, ila alamu kwa dakika 11 zilikuwa hazipo, na alamu ndo kazi yenyewe. Nimeongeza kitu: kifaa chenyewe kikipitisha dakika 15 bila broka na joto ni baya, kinatuma SMS moja kwa moja kwa mtunza stoo. Modemu si ni simu, iongee kama simu.

Jumatatu 1 Julai

Vifaa 31 kati ya 38 viko hewani. Magari saba ya mwisho yako njiani, yanafungwa yakirudi.

Kazi ya mwezi huu imekuwa alamu kuliko seva. Chumba cha -18 tuliweka kelele ikipita -15, tukapata alamu usiku kucha, maana friji inajiyeyusha barafu yenyewe mara kadhaa kwa siku na wakati huo sensa ya karibu na feni inapanda, halafu wapakiaji wakifungua mlango ndo usiseme. Watunza stoo wakaanza kuzima simu, na alamu inayozimiwa simu bora isiwepo. Sasa ni hivi, sensa ya katikati ya chumba, ikikaa juu ya -12 kwa dakika 20 mfululizo ndo SMS, dakika 40 inapiga kwa msimamizi, saa nzima inaenda kwa bosi. Kwa kamba na pweza wabichi wa kwenye barafu ni sheria nyingine, hao kikomo ni nyuzi 4. Mama wa Kirumba kaniandikia "kaka sasa hivi ikilia naamka kweli". Nimeiweka hiyo meseji kwenye ripoti.

Ijumaa 2 Agosti

Jaribio la kuhama. Nilimwahidi bosi kabla ya Nane Nane, na kakaa pembeni yangu na chai yake anaangalia.

Saa tatu kamili asubuhi nimeinua broka nyingine kwenye seva ya Ireland, nikahamisha jina liende huko, nikazima ya Dar kwa makusudi kabisa kama vile wamefunga duka. Dakika ya kwanza dashibodi nyekundu tupu, mzee kaweka kikombe chini. Dakika ya tatu Feri wanaanza kurudi. Dakika ya sita 29. Dakika ya kumi 36, Mafia zote tatu zimo, na data za zile dakika za kukatika zinaingia nyuma yao na saa zake sahihi.

Viwili vimegoma, vyote Kirumba. Nimefukua mpaka nikaona, ni kati ya vile tulivyoviunga mwanzo kabisa, programu yao ya zamani inauliza jina mara moja tu kikiwaka halafu inakariri anwani milele. Hata sasisho la mbali havikuwahi kulipokea. Mama wa stoo kavizima na kuviwasha, vimerudi, ila haitakiwi iwe hivyo.

Saa nne na nusu nimerudisha kila kitu Dar. Bosi kanyanyuka, kauliza "hivyo viwili utavitengeneza lini?" Nimeshakata tiketi ya basi la Jumapili, kilomita elfu na ushee, nashuka Mwanza na laptopu na waya mmoja wa USB.